Lokum imetoa maji siku ya Idi: kosa liko wapi?

SWALI: Salaam aleikum fundi. Nilipika lokum ya Kituruki (vipande laini vitamu vya sukari na wanga) kwa ajili ya Idi. Nilichanganya sukari gramu 800, konfulawa (wanga wa mahindi) gramu 120, maji lita moja na maji ya ndimu mbili, vyote kwa pamoja, nikakoroga dakika 20 mpaka ikawa nzito. Nikaitia kwenye friji, asubuhi nikaikata na kuigaragaza kwenye sukari ya unga. Jioni ilikuwa chapachapa, sukari yote imeyeyuka. Jirani anasema nitie jelatini. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam dada. Jelatini iache. Lokum ya asili hushikana kwa wanga peke yake. Sukari na konfulawa ulipima vizuri. Kilichokuharibia ni maji yaliyobaki ndani. Kwa dakika 20 mchanganyiko huwa mzito, ndiyo, lakini uzito huo ni wa uji. Lokum iliyoiva hubaki na maji kiasi cha asilimia 15 hadi 18 tu. Kwa hiyo pima sufuria tupu kwanza, uandike uzito wake. Kwa vipimo vyako, kilichomo kikifika karibu kilo 1.1, epua. Mizani haidanganyi kama jicho.

Kosa la pili ni kupika vyote pamoja. Punje ya wanga inahitaji maji ili ivimbe na kupasuka, na sukari nyingi huyang'ang'ania maji hayo. Punje zikibaki nusu mbichi, lokum huwa na ladha ya unga, na ikilala inajikamua maji yenyewe. Basi tumia sufuria mbili.

Ya kwanza: sukari yote, maji mililita 350 na maji ya ndimu vijiko 2 vya chai. Koroga hadi sukari iyeyuke, kisha usiiguse tena. Ichemke hadi nyuzi 115. Kama huna kipimajoto, dondosha tone kwenye maji baridi: likigandamana kuwa kidonge laini kinachobonyea, tayari.

Ya pili, yenye kitako kizito: konfulawa na maji baridi mililita 700. Koroga mpaka isiwe na madonge ndipo uwashe moto, uendelee hadi iwe nzito na ing'ae. (Unga wa sembe haufai hapa, hata ukiuchekecha mara ngapi.) Sasa mimina shira ya moto kidogo kidogo huku unakoroga. Punguza moto, pika saa moja au zaidi. Mwiko usikae mbali: nusu saa ya mwisho ndipo inaposhika chini. Itageuka rangi ya asali nyepesi, na ukiikoroga itabanduka kwenye kitako cha sufuria. Mkono uliozoea halua utatamani kutia samli. Lokum haina mafuta ndani. Maji ya mawaridi, kijiko kimoja kikubwa, yaingie mwishoni, maana harufu yake huruka na mvuke. Pistachio au lozi zilizokaangwa kavu, gramu 150, zitie wakati huohuo.

Ndimu mbili zilikuwa nyingi mno. Asidi huivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, nazo huzuia shira isifanye chenga. Zikizidi, lokum huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa unaijua. Tena asidi nyingi ikichemka muda mrefu hulegeza wanga.

Mimina kwenye trei ya sentimita 20 kwa 20 iliyopakwa mafuta kidogo na kunyunyiziwa konfulawa. Funika kwa kitambaa chepesi cha pamba, iache mezani saa 24. Isiingie friji kabisa: ukiitoa, mvuke wa hewani hugandia juu yake na kuwa maji, nayo sukari ya unga huyeyuka papo hapo. Kata kwa kisu kilichopakwa mafuta, ukikandamiza chini moja kwa moja bila kusugua kama msumeno.

Sukari ya unga peke yake haihimili pwani. Changanya vikombe 3 vya sukari ya unga na kimoja cha konfulawa, na kila upande uliokatwa upate. Au fanya kama baadhi ya lokum zinazouzwa Uturuki: garagaza kwenye nazi kavu iliyosagwa, isiyo na sukari. Haiyeyuki, na kwa hali ya hewa ya kwenu mimi ningechagua hiyo. Siku mbili za mwanzo weka kwenye boksi la karatasi, si mkebe wa plastiki unaobana hewa.

Hizo zilizolowa usizirudishe jikoni. Jeli ya wanga haiyeyuki sawasawa, inaacha madonge. Zifute, zipange kwenye wavu chini ya feni siku nzima, kisha zitie nazi. Zitalika, ila zitakuwa laini kuliko inavyotakiwa.