Chumba cha kwanza: anza na godoro na umeme, zulia lisubiri

Mdogo wangu, umeuliza ununue nini kwanza kwa chumba chako cha kwanza, na orodha uliyoandika ina vitu zaidi ya arobaini. Mimi ningeikata ibaki na vichache tu. Kama ni bweni, uliza kwanza kilichomo na kinachokatazwa. Mengi yana kitanda na meza tayari, na birika la umeme hayaruhusu.

Nilipohamia changu nilianza na zulia na meza ya kioo. Godoro nikachukua jembamba, nikalilaza sakafuni. Wiki chache baadaye nililiinua nikakuta ukungu mweusi chini yake. Unyevu wa jasho hushuka, hukutana na sakafu ya baridi, na hewa ya kuukausha haipo. Kwa hiyo hela nyingi zipeleke kwenye godoro zuri na kitanda chenye chaga zilizoachana. Kitanda kikichelewa, lisimamishe godoro ukutani kila asubuhi. Shuka ziwe jozi mbili, moja ikifuliwa nyingine imetandikwa. Na pima mlango na kona za ngazi kabla hujalipia kabati.

Kwenye umeme usitafute cha bei rahisi kabisa. Birika hula wati 2000 hivi, na pasi nyingi hukaribia hapo. Ukivichomeka pamoja kwenye ekstensheni moja, kwa umeme wa volti 230 mkondo unafika ampea 17, wakati ekstensheni nyingi mwisho wake ulioandikwa ni 13 au hata 10. Yangu iliyeyuka plagi, nashukuru nilikuwa macho. Soma namba iliyoandikwa nyuma, tumia kimoja kimoja, na waya usiuache umeviringwa, maana joto hukosa pa kutokea.

Jiko la mkaa ulilotaja lifute kabisa. Mkaa ukiwaka hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hajui inapomzidi. Nakuomba sana kwenye hili.

Vingine ni vyepesi: sufuria moja yenye mfuniko, kisu kikali, mwiko, sahani, bakuli, kikombe, ndoo, ufagio, tochi, na kufuli lako mwenyewe. Pazia ngoja upime dirisha. Vilivyobaki kaa navyo mwezi mzima kwenye karatasi. Vingi utavifuta mwenyewe.

Nitajie urefu na upana wa chumba na soketi ziko ukuta gani, tuangalie kitanda kikae wapi.