Dawa ya kushusha kinga inazuiaje saratani ya kibofu?
Ndugu, umeuliza kwa nini dawa inayoshusha kinga ijaribiwe kuzuia saratani ya kibofu cha mkojo kwa panya, ilhali kinga ikishuka saratani hupata mwanya. Wasiwasi wako ni wa haki kabisa. Dawa hiyo, rapamaisini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa waliopandikizwa figo, hubana mTOR, protini inayoiamuru seli ikue na igawanyike. Katika baadhi ya saratani za kibofu amri hiyo haikomi, na hapo ndipo watafiti wanapolenga. Panya hunyweshwa maji yenye nitrosamini, kemikali inayosababisha saratani hiyo, kisha waliopewa dawa hulinganishwa na wasiopewa. Kipimo cha dawa kina uzito mkubwa: kinachomlinda panya chaweza kumwachia binadamu maambukizi, kwa hiyo usimwanzishie mgonjwa dawa hii bila daktari.