Asante isiyo na "lakini"

Mtu anaandika chini ya mchoro: "Huo mwanga wa dirishani umenigusa sana." Mchoraji anajibu upesi: "Asante, lakini mikono nimeiharibu." Mikono hiyo hakuna aliyekuwa ameitilia maanani. Sasa kila mmoja anaikodolea macho, na aliyesifu ameambiwa kwa upole kwamba jicho lake halijui kutazama.

Mwaka 1978 Anita Pomerantz, mtafiti wa mazungumzo, alieleza kwamba anayesifiwa huvutwa na mambo mawili yanayopingana: kukubaliana na msemaji, na kuepuka kujisifu. Ana kwa ana, tabasamu na kuinamisha kichwa humaliza shughuli. Mtandaoni uso haupo. Yamebaki maneno matupu, nayo hukaa pale yakisomwa na kila apitaye, basi msanii hukimbilia kujishusha.

Ila chanzo kizito zaidi kimo kwenye kazi yenyewe. Mtazamaji anaona kilichokamilika. Msanii anaona hicho pamoja na rasimu zote alizozichana, na ile picha ya kichwani ambayo mkono haukuifikia. "Nzuri sana" inapomfika, huisikia kama adabu tu, au kama kosa la mtu asiyejua.

Halafu kuna mgema, yule ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii imewafunga wasanii wengi midomo, na tahadhari yake ni ya kweli. Lakini itazame vizuri: anayesifiwa pale ni mgema, si tembo. Watafiti wa saikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walilegea haraka zaidi baada ya kushindwa kuliko waliosifiwa kwa bidii yao. Sifa inayomwangukia mtu humtia hofu ya kuipoteza. Inayoiangukia kazi humwonyesha kilichofaulu. Kwa hiyo hata ukisifiwa wewe, ihamishie kwenye kazi.

Jibu liwe sentensi mbili. Ya kwanza ni "Asante," kisha weka nukta; ukiweka mkato, "lakini" itajipenyeza. Ya pili itaje jambo moja la kweli kuhusu kazi: "Mwanga huo niliuacha mwisho, rangi za chini zilipokwisha kukauka." Hapo hujajisifu wala hujajidharau, na aliyekusifu ameondoka na kitu mkononi. Akiwa ametuma alama ya moyo tu, asante inatosha. Akipitiliza na kusema hakuna akufikiaye, usibishane naye kuhusu cheo chako. Muulize ni sehemu gani imemkaa moyoni; mara nyingi hapo ndipo sifa yenye maana hutokea.

Usijibu katika saa ya kwanza. Macho bado yana moto wa kazi na yanaona kasoro tupu. Kesho yake si mbali.

Kasoro nazo zina mahali pake, na mahali hapo si maelezo ya chini ya picha. Kabla ya kuipandisha kazi mtandaoni, andika daftarini kasoro zisizozidi tatu, kila moja na dawa yake. "Mikono mibaya" haikusaidii. "Vidole vimenenepa kwenye kiungo cha pili, nichore mikono 20 kutoka pembe tofauti" inakusaidia. Kasoro iliyokwisha kuandikwa haikuwashi tena ulimini. Anayeitangaza hadharani huwalazimisha watu kumbembeleza, na wakichoka hukaa kimya. Naye huuchukua ukimya huo kuwa ushahidi kwamba kazi ni mbaya.

Katika daftari hilohilo, ukurasa wa pili, nakili sifa mahususi neno kwa neno. Hesabu ya laiki iache: hutegemea pia saa uliyoposti na jinsi mtandao ulivyoisambaza kazi, hivyo haikufundishi kuchora. Sifa za jumla ziache pia, hata zikiwa tamu. Andika zile zinazotaja mstari, rangi, noti, sentensi au kituo fulani.

Soma kurasa zote mbili siku unapoanza kazi mpya. Watu watatu wasiojuana wakitaja mwanga katika kazi tatu tofauti, hiyo si adabu tena. Ni taarifa kuhusu mkono wako. Anza na mwanga, kisha nenda kwenye vidole.