Natembea kama niko juu ya godoro

SWALI: Mfamasia, pole na kazi. Nina miaka 43. Nywele zilipoanza kukatika nilishauriwa kumeza zinki, kidonge cha miligramu 50 kila siku. Mafua yaliponibana nikafanya viwili, na sijapunguza tangu hapo. Huu ni mwezi wa nane. Sasa nyayo zinakufa ganzi, natembea kama niko juu ya godoro. Damu nayo imepungua, na vidonge vya madini ya chuma havijaipandisha. Je, ni zinki? Maana ile si dawa, ni lishe tu.

JIBU: Hilo godoro limenishtua, dada yangu. Inawezekana kabisa ni zinki. Leo usimeze kingine.

Mwanamke mzima anahitaji takriban miligramu 8 kwa siku, na kikomo kinachotumika Marekani ni 40, chakula na vidonge vikijumlishwa. Wewe unameza 100. Zinki ikizidi hivyo, seli za ukuta wa utumbo hutengeneza kwa wingi protini ya kushika madini, metalothionini. Ajabu ni kwamba protini hiyo hung'ang'ania shaba kuliko hata zinki iliyoiamsha. Shaba ya chakulani inanasa hapo, seli zinabanduka baada ya siku chache, na safari inaishia chooni. Madaktari hufanya hivyo kwa makusudi kwa wenye ugonjwa wa Wilson, ambao miili yao hulimbikiza shaba. Wewe huna ya kupoteza.

Shaba ikikosekana, madini ya chuma hayasafirishwi vizuri kwenda kutengeneza damu. Ndiyo maana unameza na damu imegoma. Uti wa mgongo nao huumia, na ganzi huanzia miguuni.

Rudi kwa daktari wiki hii. Mwombe apime shaba, seruloplasmini (protini inayobeba shaba kwenye damu), zinki na chembe nyeupe za damu. Vitamini B12 isisahaulike, kwani upungufu wake huleta ganzi kama hiyohiyo. Shaba usijinunulie, kiasi atapanga yeye. Damu kwa kawaida hurudi ndani ya wiki au miezi michache. Mishipa ya fahamu ni mizito kupona, na wakati mwingine haiponi yote, ndiyo maana nakuharakisha.

Mpelekee kila kopo unalotumia, hata pipi za mafua. Nyingi zina zinki. Asome lebo: salfeti ya zinki miligramu 220 ina zinki yenyewe kama 50 tu, kwa hiyo ajue 50 yako ni ya zinki yenyewe au ya salfeti. Majibu yakitoka niandikie, nywele tutazizungumza hapo.