Mama mweusi, mtoto wa chungwa: baba hana lake hapo

Mkuu, umesema paka wako mweusi alipandwa na dume wa rangi ya chungwa, na kati ya watoto watano yumo dume wa chungwa aliyefanana na baba. Unauliza kama wote ni wa baba mmoja. Huyo wa chungwa muweke kando kwanza, hawezi kukujibu. Jeni ya chungwa iko kwenye kromosomu X, uzi wa urithi ambao jike ana mbili. Dume ana X moja tu, na ameipata kwa mama. Baba alimpa Y. Mama aliye mweusi kabisa huzaa madume wasio na chungwa, hata baba awe na rangi ya embe bivu. Majike wake kwa baba huyo hutoka wote na mabaka, nyeusi na chungwa.

Kwa hiyo hakikisha jinsia ya huyo wa chungwa. Inua mkia: kwa dume, tundu la haja kubwa na la chini yake yameachana, na la chini ni nukta ya mviringo. Kwa jike yamekaribiana, na la chini ni kama mstari. Wiki za mwanzo ni rahisi kukosea. Rudia wiki ya sita hadi ya nane, kokwa zinapoanza kushikika. Akiwa jike, mpeleke juani utafute manyoya meusi kwenye nyayo, masikio na ncha ya mkia.

Akiwa dume, kagua mama: katikati ya vidole, chini ya kidevu, kwapani. Kibaka cha chungwa kama punje ya mtama kinatosha, maana yake ana X mbili tofauti, moja yenye chungwa na moja isiyo nayo. Kila seli ya jike, angali tumboni, huzima X moja kwa kubahatisha, na seli zote zinazotoka kwake huendelea hivyohivyo. Mwanasayansi wa urithi Mary Lyon alieleza jambo hili mwaka 1961. Ndiyo maana CC, paka wa kwanza kuzalishwa kwa kloni (kunakiliwa kutoka seli ya paka mwingine), Texas mwaka 2001, hakuwa na chungwa ingawa seli zilitoka kwa paka wa rangi tatu.

Nyeupe usiihesabu kama rangi. Ni sehemu ambazo seli za rangi hazikufika, na inaweza kuficha chochote chini yake. (Paka mweupe mwili mzima mwenye macho mawili ya bluu, mjaribu kwa kupiga makofi nyuma yake asikuone, wengi wao ni viziwi.) Dume wa rangi tatu ni nadra mno, kwa kawaida ana X mbili na Y (XXY) na hazai.

Milia ya huyo wa chungwa nayo isikutie shaka. Jeni inayofuta milia hufanya kazi kwenye nyeusi tu, hivyo kila paka wa chungwa huwa nayo, pamoja na ile M ya usoni. Kijivu huhitaji nakala mbili za jeni yake, moja ya baba na moja ya mama, kwa hiyo wazazi wawili weusi wanaweza kumzaa.

Sasa swali lako. Mimba moja inaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, na wa kukuonyesha ni majike. Jike ambaye umemkagua hadi kwenye vidole na hana unyoya wa chungwa hata mmoja, huyo karibu hakika si wa dume yule.