Kwa nini utafutaji wako unaganda namba isipokuwepo

Ndugu, umesema programu yako ya C ya utafutaji wa nusu kwa nusu (binary search, unaogawa safu katikati kila hatua) inakwama pale namba unayoitafuta haimo kwenye safu (array, yaani orodha ya namba). Kosa liko hapa: umeandika `chini = kati;`. Chini na juu ni nafasi za mipaka ya sehemu unayotafuta, na kati ni nafasi ya katikati yake. Chukua chini ikiwa 4 na juu ikiwa 5. Kati inatoka 4, kwa sababu C hukata desimali kwenye mgawanyo wa namba kamili. Kama namba unayotafuta ni kubwa kuliko iliyopo nafasi ya 4, chini inabaki 4 ileile, na kitanzi (loop) hakiishi. Andika `chini = kati + 1;` na upande wa pili `juu = kati - 1;`. Kati umeshaikagua, usiirudie.

Ukiwa hapohapo, badilisha pia hesabu ya kati, `(chini + juu) / 2`. Iandike `chini + (juu - chini) / 2`. Kwenye safu kubwa mno jumla inaweza kuvuka 2,147,483,647, kikomo cha int (aina ya namba kamili) ya biti 32. Kosa hilihili lilikaa miaka mingi ndani ya maktaba ya Java hadi lilipotangazwa mwaka 2006, kwa hiyo usilidharau.

Ukitaka kutumia `bsearch`, funsheni iliyo tayari ya utafutaji huu kwenye stdlib.h ya C, sawa kabisa, inarudisha NULL (yaani hakuna kitu) ikikosa. Ila kwenye funsheni ya kulinganisha usirudishe `a - b`, nayo inaweza kufurika, yaani kuvuka kikomo cha int. Rudisha `(a > b) - (a < b)`.

Na hakikisha safu imepangwa kweli, kuanzia namba ndogo hadi kubwa. Ikiwa hivyo, vipengele 1,000,000 vinamalizwa kwa hatua zisizozidi 20.