Kumsafisha farasi wakati wa baridi bila kumwogesha

Kabla hujashika brashi, weka mkono kwenye manyoya ya baridi ya farasi wako uyafunue mpaka uione ngozi. Nywele ni ndefu, zimesongamana, na kwenye baridi kali husimama. Katikati yake kuna hewa, na hewa hiyo ndiyo inayomhifadhia joto. Chini kabisa, kwenye mashina ya nywele, kuna mafuta yanayotoka ngozini. Hayo hufanya maji ya mvua yateleze yasipenye. Shampuu na maji mengi huharibu vyote viwili kwa mpigo: manyoya hulala, hewa hutoka, mafuta huondoka na povu. Farasi aliyestahimili baridi ya chini ya nyuzi 0 akiwa mkavu, akilowa hutetemeka kwenye baridi ndogo kuliko hiyo, na manyoya mazito huchukua saa nyingi kukauka. Ndiyo maana tunashauri kwamba hewa ikiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, kuogesha mwili mzima kusubiri, isipokuwa banda limekingwa na upepo na lina taa za kukaushia.

Kazi inayobaki ni ya mikono, na karibu yote hufanywa pakavu.

Tope bichi usilisugue. Ukilisugua unalisukuma kwenye mashina ya nywele, na mchanga uliomo unaikwaruza ngozi iliyokwisha kulainika kwa maji. Liache likauke, hata kama ni mpaka kesho yake. Kama farasi anatakiwa kufanya kazi leo, mfute kwa mkono wa nyasi kavu au taulo ili kupunguza maji, mpe muda, kisha safisha mahali tandiko, mkanda wa tumbo na hatamu zinapokaa. Hapo hapana msamaha: chembe ya tope iliyokauka chini ya mkanda wa tumbo hutosha kuchubua ngozi katika safari moja.

Tope likikauka, anza na kichana cha mpira. Anzia sehemu ya juu ya shingo, nyuma ya sikio, ukizungusha miduara midogo kuelekea bega, mgongo na kiuno. Kazi yake ni kuvunja tope na kuleta juu vumbi, mba na nywele zilizokufa. Usikitumie usoni, wala chini ya magoti na vifundo vya miguu ya nyuma, kwa sababu hapo mfupa uko karibu na ngozi. Fuatia na brashi ngumu kwa mapigo mafupi yanayomalizikia na kunyanyua kiganja, ili vumbi liruke nje badala ya kuburutwa kwenda mbele. Wageni wa kazi hii hukosea hapa zaidi kuliko popote: wanapapasa. Mwisho ni brashi laini, ukiwa umenyoosha mkono na kuegemeza uzito wa mwili wako, ukifuata nywele zinakoelekea. Kila baada ya mapigo matatu au manne, ikwangue kwenye kichana cha chuma, la sivyo unarudisha uchafu uleule. Kichana hicho cha chuma ni cha brashi tu, si cha farasi.

Kazi hii ikifanywa sawasawa huchukua dakika 30 hivi. Lakini farasi anayeishi nje usiku na mchana bila blanketi asipigwe brashi laini mpaka ang'ae. Mng'ao huo unaupata kwa kuyatoa mafuta aliyojiwekea. Huyo mwondolee tope tu, kagua ngozi, safisha kwato, basi. Farasi anayevaa blanketi ndiye anayehitaji brashi kamili kila siku, kwa maana jasho na mba hukwama chini ya kitambaa, na blanketi likikaa siku nyingi bila kuvuliwa huficha vidonda vya mabega.

Kuna uchafu ambao brashi haiuwezi: madoa ya mkojo na kinyesi, hasa kwa farasi mweupe, na vumbi laini lenye mafuta lililoganda ngozini. Dawa yake ni kitambaa cha moto. Andaa ndoo ya maji ya moto kadiri mkono wako unavyoweza kuvumilia, taulo ndogo sita au zaidi, na blanketi la sufu. Ukitumia shampuu isiyohitaji kusuuzwa, usizidishe kipimo cha kwenye chupa, maana ikibaki nyingi huwasha. Chovya taulo, kisha ikamue mpaka isidondoshe tone hata moja. Huo ndio ufunguo wa kazi yote: unataka mvuke na joto, hutaki maji. Sugua sehemu ya ukubwa wa viganja viwili kinyume cha nywele, halafu kwa mwelekeo wake. Geuza upande safi, rudia, kausha palepale kwa taulo kavu, funika kwa blanketi, ndipo uhamie sehemu inayofuata. Maji yakipoa au yakiwa meusi, mwaga. Kitambaa kilichopoa huacha unyevu bila kutoa uchafu. Ukimaliza, ingiza vidole mpaka kwenye ngozi: ncha za nywele zikiwa na unyevu si neno, ngozi yenyewe ikiwa imelowa umetumia maji mengi.

Jasho la baada ya kazi lina utaratibu wake. Mtembeze polepole dakika 10 hadi 15 mpaka pumzi itulie na kifua kipoe, kisha sugua kwa taulo kinyume cha nywele ili zisimame na hewa ipite. Mvalishe blanketi la sufu au la kitambaa kinachonyonya unyevu. Utaona matone yakijitokeza juu ya blanketi. Ina maana unyevu unatoka kwenye mwili. Likilowa, badilisha. Blanketi lisilopitisha maji lisimguse kabla hajakauka, kwa sababu hufungia jasho ndani. Akikauka, chumvi iliyobaki itoe kwa brashi, hasa kwapani na mahali pa tandiko, maana huwasha naye atajikuna kwenye ukuta.

Mkia unaweza kuoshwa peke yake. Ingiza nywele za chini kwenye ndoo ya maji vuguvugu, usifikishe maji kwenye nyama na mfupa wa juu, kamua, futa, kisha chambua kwa vidole kuanzia ncha. Dawa za kulainisha nywele zenye silikoni zisifike mgongoni, kwani tandiko litateleza. Kwa macho na pua tumia sponji moja yenye maji vuguvugu, na kwa chini ya mkia sponji nyingine. Zitofautishe kwa rangi ili zisichanganywe hata gizani.

Kwato husafishwa kila siku, kutoka kisigino kwenda mbele, ukiwa mwangalifu na ile sehemu laini ya pembetatu katikati. Ukisikia harufu ya kuoza na kuona uchafu mweusi kwenye mifereji yake, unyevu umezidi na kuoza kumeanza. Palipo na theluji, farasi aliyepigiliwa viatu hukusanya mabonge ya barafu chini ya kwato. Mafuta mazito ya kupaka kwenye unyayo hupunguza hali hiyo.

Miguu ndiyo tunayoihofia zaidi. Kuiosha tope kila jioni na kuiacha mbichi hufungua mlango kwa bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis, anayeingia kwenye ngozi iliyolainika na kuchubuka. Utahisi magamba kabla hujayaona, hasa nyuma ya mguu juu kidogo ya kwato, kwa hiyo pitisha vidole hapo kila siku. Usiyabandue kwa nguvu, maana yanauma na kufungua kidonda. Mweke mahali pakavu, mtengee brashi zake, na mguu ukivimba, ukitoa moto au akichechemea, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Vidole hivyohivyo vipitishe kwenye mbavu, maana manyoya mazito huficha kukonda. Funua singa za shingo na shina la mkia kutafuta chawa, ambao huongezeka wakati wa baridi. Ukikuta mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, vaa glavu, kwani huenda ni fangasi anayeambukiza watu pia. Brashi zioshe kwa sabuni kila wiki na uzianike zikiwa zimeinamisha nywele chini, ili maji yasiozeshe mbao.